Mbunge akiuliza mkataba wa mafuta, anatutetea au anatukwamisha?

Ndugu zangu, naleta hoja hii mezani kwa sababu nimechoka kuona ikimalizwa kwa matusi. Kila mbunge wa huku Bunyoro, magharibi mwa Uganda, anaposimama kuuliza mikataba ya mafuta, wengine humwita shujaa hata kabla hajakaa, na wengine humwita mkabila, mpinga maendeleo, mtafuta kura. Swali lenyewe alilouliza linaachwa hapo hapo.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Hoima. Msimamo wangu nautanguliza ili mnipinge vizuri: mbunge ana wajibu wa kuuliza mkataba kabla haujatiwa saini, na sisi tuliomtuma tuna wajibu wa kumsukuma aulize.

Chukueni kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kabaale. Serikali ilianza kuchukua ardhi mwaka 2012: kilomita za mraba 29, vijiji 13 vya gombolola (tarafa ndogo chini ya wilaya) ya Buseruka, watu zaidi ya 7,000. Wathamini walipita shamba kwa shamba wakiandika migomba, miembe, muhogo, nyumba, hata makaburi. Mtu akishaandikiwa, anaambiwa asipande tena mazao ya kudumu. Basi unakaa kwenye shamba ambalo si lako tena na wala hujalipwa. Waliochukua fedha taslimu walilipwa kwa nyakati tofauti. Waliochagua kupewa ardhi na nyumba walisubiri miaka, ndipo wakapelekwa makazi mapya ya Kyakaboga.

Sasa tazameni upande wa pili wa meza. Aprili 2018 serikali ilitia saini mkataba na muungano wa kampuni ulioitwa Albertine Graben Refinery Consortium, uandae mradi na kutafuta fedha za ujenzi. Katikati ya 2023 mkataba ukaisha bila fedha kupatikana. Machi 2025 ukaja mwingine, na Alpha MBM Investments ya Falme za Kiarabu: mapipa 60,000 kwa siku, gharama ya dola bilioni 4 hivi, kampuni ichukue asilimia 60 na Shirika letu la Taifa la Mafuta, UNOC, lichukue 40.

Mkulima wa Buseruka alihama kwa ajili ya kiwanda. Mwekezaji wa kwanza alifika, muda wake ukaisha, akaenda zake. Je, aliacha dhamana yoyote? Alilipa chochote kwa muda uliopotea? Mkataba wa pili unasema nini iwapo huyu naye atashindwa? Hayo ndiyo maswali ninayotaka mbunge ayaulize, na sioni ukabila wala upinzani ndani yake.

Sheria zetu nazo zimeacha mwanya mkubwa. Ibara ya 159 ya Katiba inataka mkopo wa serikali upitishwe na Bunge. Ibara ya 119 inataka mkataba wa serikali upate ushauri wa Mwanasheria Mkuu. Sheria ya mafuta ya 2013 inataka kielelezo, yaani mfano wa jumla, cha mkataba wa kugawana mafuta kiwekwe mezani pa Bunge. Kielelezo tu! Ule wenye majina, asilimia na tarehe haumo humo. Waandishi wawili wa habari walikwenda mahakama ya Nakawa kudai mikataba ya mafuta iwekwe wazi, wakashindwa mwaka 2010. Halafu Agosti 2020 Uganda ikajiunga na EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi, unaotaka mikataba ya uchimbaji iliyosainiwa au kubadilishwa tangu 1 Januari 2021 ichapishwe. Tukikubali uwazi kwa visima, kwa nini tuukatae kwa kiwanda kilichohamisha vijiji 13?

Karibuni.

Mchangiaji wa Kampala:
Mzee wa Hoima, nakuheshimu, lakini mafuta si ya Bunyoro. Ibara ya 244 inasema madini na mafuta yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya taifa zima. Mbunge wa Kisoro, kusiko na visima, ana haki nayo sawa na mbunge wa Buliisa penye visima. Pili, mazungumzo ya biashara yana siri zake. Ukimwanikia mwekezaji wa leo masharti yote uliyompa wa jana, ataanzia pale pale ulipolegeza. Tatu, mafuta yaligunduliwa 2006 na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha za kuyachimba ukaja Februari 2022. Miaka 16! Kila mbunge akiongeza swali lake, lini tutauza hata pipa moja? Mimi naona aulize, ila ndani ya kamati, milango ikiwa imefungwa.

Mchangiaji wa Butiaba:
Nyote mnaongea ardhi. Sisi wa Ziwa Albert hatuna hati wala kibanja, tuna mtumbwi. Mama anayeanika muziri na ragoge, samaki wetu wadogo, kwenye mchanga, mthamini hakumwandikia mgomba wowote, ila njia ya kwenda ziwani ikifungwa anakosa chakula siku hiyo hiyo. Hapa mwaloni tuko Wagungu, Waalur na ndugu kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Mbunge aje atuulize kwanza sisi, halafu akaiulize serikali.

Mchangiaji wa Masaka:
Mimi ni mkulima wa kahawa, na nataka kumjibu ndugu wa Kampala. Februari 2022 Wizara ya Fedha ilisaini mkataba na kampuni ya Uganda Vinci Coffee. Ulipokuja kujulikana tukakuta misamaha ya kodi, ekari 27 za bure katika eneo la viwanda la Namanve, na kipaumbele cha kupata kahawa yetu. Wabunge walipiga kelele, kamati ikachunguza, na Mei 2022 Bunge likataka mkataba uvunjwe. Rais alikuwa na hoja yake, na si hoja ndogo: biashara ya kahawa duniani ni dola bilioni 460 na Afrika nzima inaambulia bilioni 2.5 tu, kwa hiyo tusindike wenyewe. Nakubali tusindike. Lakini mimi ninayepalilia mibuni sikuulizwa na mtu, wala mbunge wangu hakuulizwa, na azimio la Bunge baada ya saini haliwezi peke yake kufuta mkataba. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuvunja baadaye.

Mchangiaji wa Wakiso:
Tusilifanye Bunge kuwa dawa ya kila kitu. Hospitali ya Lubowa ilipita bungeni mwaka 2019, hati za serikali za ahadi ya kulipa dola milioni 379 zikaidhinishwa, kwa hospitali ya vitanda 264. Ujenzi umechelewa miaka na miaka. Wabunge wenyewe walinyoosha mikono. Kwa hiyo swali langu: mbunge anayeuliza leo, alipiga kura gani siku ile?

Mchangiaji wa Moroto:
Kwetu malori ya mawe ya chokaa yanashuka kila siku. Sheria ya madini ya 2003 angalau ilimtaja mwenye ardhi na kumpa asilimia 3 ya mrabaha, ile ada anayolipa mchimbaji. Kwenye mafuta mwenye ardhi amepewa ngapi?

Mleta hoja:
Ndugu wa Moroto, hakupewa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inaiachia serikali kuu asilimia 94 ya mrabaha wa mafuta, asilimia 6 zinakwenda kwa serikali za mitaa za maeneo ya mafuta, na katika fungu la serikali kuu asilimia 1 inapewa taasisi ya kimila. Mwenye shamba anabaki na ile fidia ya mara moja. Na hii ni sheria ya Bunge, imo kwenye vitabu. Wabunge wetu wa Bunyoro wana uwezo wa kudai marekebisho yake bila kusubiri siri ya mtu.

Ndugu wa Kampala, ibara ya 244 naikubali yote. Ila taifa zima litagawana faida, na hasara ya kusubiri imebebwa na vijiji 13. Ndiyo maana mbunge wa hapa anauliza kabla ya wa Kisoro. Kuhusu siri, bei na hesabu za kibiashara zifichwe kama lazima, lakini kifungu cha nini kitatokea mwekezaji akishindwa hakina siri ya biashara. Na kuulizia kwenye kamati milango imefungwa kunamsaidia mbunge ajue. Mtu wa Kyakaboga anabaki pale pale.

Wa Wakiso, swali lako ni zito na silikwepi. Kura za Lubowa zilipigwa na wabunge, na kila mmoja aulizwe jimboni kwake. Wa Butiaba, umenifungua macho: orodha yangu ilikuwa ya mashamba tu. Naongeza njia za kwenda ziwani na sehemu za kuanikia samaki.

Napendekeza tuandike barua moja kwa wabunge wote wa Bunyoro, yenye mambo matatu: kifungu cha kushindwa katika mkataba wa 2025 kisomwe hadharani kwenye baraza la wilaya ya Hoima, mwenye ardhi atajwe katika mgao wa mrabaha, wavuvi wahesabiwe pale njia zao zinapofungwa. Aliye tayari kuweka sahihi aandike jina la gombolola yake, na asiyekubali aseme ni kipi kati ya hivyo vitatu anachokataa na kwa nini.