Lisansi (digrii) ya lishe au ya uuguzi: nimlipie mdogo wangu ipi hapa Bukavu?

Yaya_wa_Kadutu
Jambo sana wakubwa. Mdogo wangu amepata diploma ya Ekzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa 64%, upande wa biokimia. Baba alishatutoka, kwa hiyo anayelipa ni mimi, na pesa yangu inatoka kwenye vitenge ninavyouza soko la Kadutu. Yeye anataka lishe, ile wanayoita nitrisyo. Shangazi anasema uuguzi. Nimekwenda mwenyewe kuuliza kwenye shule moja ya tiba, nikarudi na hesabu hii.

Lishe: minervali (karo) dola 380 kwa mwaka, kujiandikisha 40, silabasi (maandishi ya masomo) 60, staji (mafunzo kwa vitendo) 50. Uuguzi: minervali 420, kujiandikisha 40, silabasi 60, staji 90, maana wao wanazungushwa idara nyingi za hospitali. Juu yake nimeweka dola 25 kila mwezi za pikipiki na chakula cha mchana, miezi 10. Inakuja 780 kwa lishe na 860 kwa uuguzi. Kwa kuwa sasa lisansi ni miaka 3 (mfumo mpya wa LMD, si ile ya zamani ya miaka 3 ya graduat kisha 2 ya lisansi), jumla ni dola 2,340 kwa lishe, 2,580 kwa uuguzi. Hiyo tofauti ya 240 nitaitafuta. Kinachoninyima usingizi ni hiki: akimaliza, atakaa nyumbani muda gani kabla ya mtu kumlipa?

Muuguzi_Bagira
Dada, mimi ni muuguzi A1 (wa diploma ya chuo), nipo UNTI, pale wanapolazwa watoto wenye utapiamlo mkali uliochanganyika na ugonjwa mwingine. Nikueleze kazi ilivyo, uone nani anahitajika. Mtoto akiingia amevimba miguu, unabonyeza kwa kidole juu ya unyayo. Ukiondoa kidole, shimo linabaki. Anapewa F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia, kila baada ya saa 3, usiku na mchana, mengine yanapitia mpira wa puani. Usiku wa manane tunabaki mimi, mama zao na thermosi ya maji ya moto. Mpira naweka mimi, dawa nadunga mimi, mtoto akianza kupoa mwili ni mimi ninayemweka kifuani kwa mama yake na kumfunika.

Mtu wa lishe anakuja asubuhi. Anapiga hesabu ya maziwa kwa uzito wa kila mtoto, anafuata karatasi za uzito, anafundisha mama uji. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Mara mbili amekamata kosa la kipimo ambalo lingetuulia mtoto. Ila yeye ni mmoja, sisi wauguzi tuko 7. Na mimi niliingia kwenye lishe kwa mafunzo ya siku chache ya protokoli ya kitaifa, mwongozo wa kutibu utapiamlo. Yeye hawezi kuingia uuguzi kwa siku chache.

Pesa sasa. Mshahara wa serikali sijawahi kuupata, bado naitwa « nouvelle unité », yaani mtu wa kazi ambaye hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara. Ninapata primu (posho) ya hospitali, dola 65 ikija yote, na zamu za usiku kwenye kliniki ya mtu binafsi, dola 80. Ni 145 kwa mwezi, kidogo lakini haijakatika tangu nianze.

Nitri_Goma
Nimesoma ya mkubwa Bagira na ni kweli tupu. Mimi ni wa lishe, nilimaliza 2019. Nimekaa nikahesabu daftari langu lote: katika miezi 72 nimelipwa miezi 31. Mikataba ya miezi 3, 6, mmoja wa 12. Kwa wastani ilikuwa dola 620 kwa mwezi, yaani dola 19,220. Ukizigawa kwa miezi yote 72 unapata 267. Kwa hiyo kwenye karatasi nimemzidi muuguzi karibu mara mbili. Lakini zile 267 hakuna mwezi niliozishika mkononi. Kuna mwaka nilijenga nyumba ya mbao Ndosho, na mwaka uliofuata niliuza simu nilipe kodi ya dukani kwa mke wangu.

Usisahau pesa hizo zinatoka wapi. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba karibu 70% ya misaada ya kibinadamu ya Kongo. Januari 2025 ilisimamishwa, wiki ileile vita vikaingia Goma. Nilikuwa napima watoto mikono kambini Bulengo, kwa waliokimbia vita, utepe ukisoma chini ya milimita 115 ni nyekundu, unampa mama pakiti za Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga ya tiba, za wiki. Februari kambi zikavunjwa. Benki zilifungwa, malipo yangu ya mwisho nilivuka Gisenyi kuyatafuta. Watoto wale sijui wanapimwa na nani leo, na hilo linaniuma kuliko mkataba.

Dada, kama mdogo wako anaingia lishe, basi awe na mtu wa kumshika miezi ile mitupu. Je, vitenge vinaweza?

Reko_Panzi
Naongeza kitu kimoja tu. Kivu Kusini ina zoni za afya 34. Kwenye ofisi kuu ya zoni, msimamizi wa lishe ni mtu mmoja, na wengi wao ni wauguzi wa zamani. Hesabu nafasi mwenyewe, halafu hesabu wanaotoka shule kila mwaka.

Mwana_Lushi
Huku Lubumbashi mambo ni tofauti, msifunge mlango. Migodi ya Kolwezi na Fungurume inalisha maelfu ya watu kila siku, na chakula hicho kinapikwa na kampuni za usutraitansi, yaani zinazopewa kazi na migodi kwa mkataba. Tangu sheria ya Februari 2017, kazi hizo zimewekewa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, kwa hiyo anayeajiri mara nyingi ni ndugu wa hapahapa. Mimi nilichukuliwa kupanga menyu na kusimamia usafi wa jiko: joto la friji, nyama iliingia saa ngapi, nani ana kidonda mkononi. Napata dola 480, mkataba wa mwaka, unarudiwa. Shuleni somo la usafi wa chakula ndilo wengi walilikimbia, na ndilo linalonilisha.

Nilijaribu pia kufungua ofisi ya ushauri Katuba, kwa watu wa sukari na presha. Mgonjwa analipia dawa bila kubisha. Ukimwambia apunguze bukari (ugali) jioni, anashukuru sana na kuondoka. Nilifunga baada ya miezi 5.

Mama_Masosoma
Binti yangu wa Kadutu, mimi nina graduat ya lishe ya siku zile, na sijawahi kufanya kazi ya ONG (shirika lisilo la serikali). Nasaga masosoma, unga wa uji wa watoto, hapa Essence: mahindi, soya, mtama. Watu wengi sokoni wanauza unga wa jina hilo, lakini soya wameianika tu juani. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mtoto anakunywa uji, tumbo linajaa gesi, anaharisha, mama anasema masosoma mbaya. Mimi naikaanga kwa moto mdogo mpaka ganda linapasuka na harufu inageuka kuwa kama ya karanga. Mahindi nayapitia kwa mkono, yenye ukungu yote natoa, maana sumu yake haitoki hata ukichemsha. Hayo nilifundishwa darasani, na ndiyo sababu kliniki mbili zinachukua kwangu.

Nauza kilo 60 kwa wiki. Kila kilo inaniachia franka 700 baada ya kuni, kinu na mifuko. Fanya hesabu, ni 42,000 kwa wiki. Barabara ikifungwa na soya isipopanda kutoka bondeni, wiki hiyo ni sifuri.

Yaya_wa_Kadutu
Aksanti kwenu wote, hasa wewe kaka wa Goma, umeniwekea daftari lako wazi. Jana usiku tumesoma pamoja na mdogo wangu, mishumaa miwili imekwisha. Nilimwambia: uuguzi unakula kila mwezi. Akajibu: « Yaya, nilimshika mtoto wa jirani siku anadungwa, nikaanguka mimi. » Hilo sikulijua. Siwezi kulipa 2,580 mtu aache mwaka wa pili.

Nimekubali lishe, ila kwa masharti mawili. Somo la usafi wa chakula asilikimbie, na kila Jumamosi akae kwa Mama Masosoma, kama mama anakubali, ili miezi mitupu imkute anajua kitu cha kuuza. Mama, aje na nini?

Mama_Masosoma
Aje Jumamosi hii saa mbili asubuhi, na kilo 2 za soya, zisizidi. Asizioshe nyumbani, nataka aone mwenyewe mawe yaliyomo. Na avae kitenge cha zamani, moshi hautoki.