Ramani ya gemu: hali ya hewa inatoka mistari mistari, naombeni msaada

pikseli255:
Wakuu habari za jioni. Natengeneza gemu ya mikakati, ile ya zamu zamu unajenga miji na kugombania ardhi, ramani inajitengeneza yenyewe kila ukianza upya. Mabara na milima nimetumia noizi ya Perlin (namba za kubahatisha zinazopanda na kushuka taratibu), imetulia kabisa. Shida ni hali ya hewa. Saa hizi naangalia tu taili (kipande kimoja cha ramani) iko mbali kiasi gani na ikweta: katikati msitu, halafu savana, jangwa, nyasi, mwisho barafu. Sasa ramani zote zinafanana, mchezaji akianza tu anajua jangwa liko wapi. Nikaongeza noizi nyingine ya unyevu ndo ikawa balaa, jangwa linagusana na kinamasi bila sababu yoyote. Mnafanyaje? Sitaki kuiga hali ya hewa ya dunia nzima, laptop yangu ni ya kawaida tu.

mtu_wa_kusi:
Tenganisha joto na mvua mkuu. Joto ndo liachie latitudo, ila punguza na mwinuko, kila mita 1000 toa kama nyuzi 6.5. Anza pwani na nyuzi 28, panda mita 5,895 za Kilimanjaro, unaangukia kama kumi chini ya sifuri, na kweli barafu ipo pale jirani kabisa na ikweta.

Mvua ni habari nyingine. Lodwar kule Kenya iko latitudo 3 tu kaskazini, kwa kodi yako (programu uliyoandika) ingekuwa msitu mnene, na ni nusu jangwa. Mbandaka kule Kongo iko ikweta pale pale na msitu wake upo. Kwa hiyo kila safu ya taili ipe upepo: ikweta hadi latitudo 30 upepo unatokea mashariki, 30 hadi 60 unatokea magharibi, zaidi ya hapo mashariki tena. Tembea na upepo taili moja moja ukiwa na namba ya unyevu, baharini unaiongeza, nchi kavu unaidondosha kidogo kidogo kama mvua, na taili ya mbele ikiwa juu kuliko uliyopo unadondosha nyingi. Ukishavuka milima huna kitu mkononi, jangwa limejileta lenyewe. Andes ziko hivyo hivyo kule kusini, Chile misitu inalowa, Patagonia nyuma ya mlima kumekauka.

kodi_na_chai:
Iko poa ila ukiiweka hivyo hivyo utapata michirizi, kila safu inahesabu peke yake so mlima mmoja unachora mstari wa jangwa hadi mwisho wa bara. Kila hatua chukua wastani wa unyevu na safu ya juu na ya chini, inalainika. Na msitu urudishe sehemu ya mvua hewani, bila hivyo katikati ya bara kubwa panakauka pote na Kongo huipati ng'o.

pikseli255:
Nimeijaribu usiku huu aisee, ramani imebadilika kabisa!! Ila mtu wa kusi hebu nielekeze, Lodwar na Wajir, zote za Kenya, bahari iko mashariki yao na upepo umesema unatokea mashariki, mbona wao wakavu? Kwa kodi hii si wangelowa?

mtu_wa_kusi:
Swali zuri hilo. Huku kwetu upepo unageuka kwa msimu. Kaskazi inashuka kutoka upande wa Arabuni, unyevu wake mdogo, na kusi ikifika Somalia inapita sambamba na pwani badala ya kuingia ndani, tena inavuta maji ya baridi yapande juu, mvuke unapungua. Ukiitaka hiyo zungusha hesabu mara mbili, Januari na Julai, upepo ukiwa na pembe, halafu jumlisha. Faida yake utapata na sehemu za kiangazi kikavu na mvua za msimu wa baridi kama pwani za Mediterania. Lakini kwa gemu mi ningeanza na mzunguko mmoja tu, mchezaji haoni upepo, anaona rangi ya taili.

HekaHeka:
Mnasahau watu watacheza hii kitu. Uhalisia ukizidi unampa mmoja bonde la mto na mwenzake barafu tupu, anafunga gemu. Panga hali ya hewa kwanza, mito baadaye ukifuata mvua, ndo utafute sehemu za kuanzia, na kila mmoja ahesabiwe taili za chakula zilizomzunguka. Ikipungua sogeza mchezaji, usibadilishe hali ya hewa, ukiweka kipande cha nyasi katikati ya jangwa kinaonekana hadi kwa mtoto.

pikseli255:
Sawa wakuu, naanza na mzunguko mmoja, pembe ya upepo naiweka chaguo kwenye menyu. Kodi na chai, wastani wa safu unaufanya kila taili au baada ya taili kadhaa?

kodi_na_chai:
Kila taili, ila uzito mdogo, safu za jirani asilimia 10 kila moja inatosha kuanzia. Ukizidisha milima inaacha kuzuia mvua.