Siku moja huru Coffs Harbour: nianzie wapi ili nione bahari na ndege wake?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Jambo ndugu zangu. Binti yangu mkubwa anaishi Coffs Harbour, katika jimbo la New South Wales huko Australia, na Mungu akijalia nitakwenda kumwona mjukuu wangu katikati ya mwezi wa Oktoba. Ratiba ya familia imekwisha kujaa ubatizo na wageni, lakini mkwe wangu ameniahidi siku moja nzima pamoja na gari lake, anipeleke popote nitakapotaka.

Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi hapa Bukavu, na daftari langu la ndege lilianza kwa minandi na tai walao samaki wa rasi ya La Botte. Bahari yenyewe, hata hivyo, sijawahi kuiona. Ziwa letu la Kivu, lililoko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, halijai wala halipwi, kwa hiyo sijui hata siku ya namna hiyo hupangwa kwa kufuata nini. Ramani inanionyesha njia ya miguu ya Solitary Islands, kilomita 60 kutoka Red Rock kaskazini hadi Sawtell kusini, nami nina magoti yanayokubali kilomita nane, tena kwa manung'uniko. Je, katika kilomita hizo 60 nichague vipande gani, na saa zipi? Naomba wanijibu wale waliofika.

Mama Furaha (Coffs Harbour, mzaliwa wa Kadutu)

Jambo Papa Mwalimu, na karibu sana kwetu. Umechagua mwezi mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu mwenyeji mkuu wa pwani yetu anakuwa amerudi nyumbani.

Mwisho wa matembezi ya bandarini kuna kisiwa kidogo cha Muttonbird, yaani ndege-kondoo, ambacho siku hizi kimeunganishwa na nchi kavu kwa ukuta wa mawe unaokinga bandari, hivyo utakifikia kwa miguu yako mwenyewe. Wagumbaynggirr, ambao ndio wenye nchi hii tangu kale, wanakiita Giidany Miirlarl, yaani mahali pa mwezi, na kwao ni mahali patakatifu. Ndege wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye mabawa marefu na mkia uliochongoka kama kabari, anayeishi baharini na kuja nchi kavu kwa ajili ya kuzaa tu. Wazungu wa kwanza walimla na kudai kwamba nyama yake ina ladha ya kondoo, ndiyo maana akapewa jina hilo lisilomstahili. Hurudi mwezi wa Agosti, husafisha shimo alilolichimba ardhini, hutaga yai moja tu mwishoni mwa Novemba, na kabla ya baridi kuingia, kati ya Aprili na Mei, kisiwa kizima huwa kimehamwa.

Kosa la wageni wengi ni kwenda kisiwani mchana, wakapanda kilima, wakapiga picha za mawimbi na kurudi wakisema hawakuona ndege. Mchana ndege hao wako mbali baharini wakitafuta samaki na ngisi. Jua likichwa, ambapo katika siku zako itakuwa karibu saa moja jioni, hukusanyika juu ya maji mbele ya kisiwa, nao hungoja giza ndipo waingie. Wanashuka kwa kishindo, kwa maana miguu yao ni hodari kwa kuchimba na kuogelea lakini si kwa kutua, kisha kutoka mashimoni huanza vilio ambavyo mara ya kwanza vilinifanya nisimame na kutafuta mtoto aliyepotea. Usiiache njia iliyosakafiwa hata hatua moja, kwa sababu udongo wote pembeni una mashimo na mguu wa mtu mzima unaweza kumfukia ndege ndani ya nyumba yake. Tochi yako uifunge kwa kitambaa chekundu.

Kwa hiyo jioni imekwisha kupangwa. Asubuhi nakushauri uanzie juu, kwenye kilele cha Sealy, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, ambapo daraja la mbao na chuma limejengwa likatokeza nje ya ukingo wa mlima, nawe husimama juu ya vichwa vya miti ukitazama mji, bandari na visiwa kwa pamoja. Miteremko iliyo chini yake ilikuwa ya migomba kwa vizazi, na mji huu una sanamu ya ndizi tangu mwaka wa 1964 ambayo wajukuu watakulazimisha uione. Mtu wa Kivu anaweza kutabasamu na kupita. Kaa msituni hapo kwa saa moja na nusu. Utamsikia ndege ambaye dume lake hutoa mlio mrefu unaoishia kwa mpasuko kama wa mjeledi, na jike hujibu haraka kiasi kwamba wengi hufa wakiamini ni ndege mmoja.

Mtazamaji wa Himbi (Goma)

Ndugu Mwalimu, nilisoma Brisbane kwa miaka miwili na nilishuka Coffs Harbour mara tatu. Yote aliyoyasema Mama Furaha nayaunga mkono, ila ameiacha ile saa ya katikati ya siku, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la kufuata nini.

Unafuata maji. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo tafuta jedwali la tarehe yako kabla ya kumwambia mkwe wako saa ya kuondoka. Maji yakipwa, kwenye midomo ya vijito kama Boambee na Bonville, karibu na Sawtell, hubaki tambarare za mchanga na matope ambamo ndege wa miguu mirefu huja kula minyoo na kaa. Yakijaa, ndege haohao hujibana kwenye ulimi mwembamba wa mchanga wakipumzika, na ukiwafurusha hapo unawagharimu mafuta waliyoyaweka kwa shida. Mimi hupenda kufika maji yakiwa yameanza kupwa, kwa sababu ndege hushuka taratibu wakiyafuata, nami hukaa mahali pamoja bila kusumbua.

Usidharau viumbe hao kwa sababu ya rangi zao za vumbi. Miongoni mwao yumo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, anayezaliana Alaska na kuvuka Bahari ya Pasifiki bila kutua. Mwaka wa 2022 kinda wa jamii hiyo, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliondoka Alaska na kufika Tasmania baada ya siku 11 na kilomita 13,560, bila kula wala kunywa. Wale utakaowakuta Oktoba watakuwa ndio kwanza wamefika. Sisi hapa Goma tunawaona vitwitwi kutoka kaskazini wakitikisa mikia juu ya mawe ya lava, tukadhani safari yao ndiyo ndefu.

Kwa upande mmoja sikubaliani na wenyeji wengi: watakusukuma uende rasi ya Look At Me Now, kule Emerald Beach, kwa sababu ya kangaruu wanaolisha majani juu ya bahari. Ni mahali pazuri, na inafaa ujue kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi walisimama imara kupinga mpango wa kumwaga maji taka baharini kutoka rasi hiyo. Lakini iko kaskazini na Sawtell iko kusini, na ukitaka zote mbili siku yako itaishia barabarani.

Da Neema (Lubumbashi)

Nitakuwa mfupi. Mwalimu, vaa kofia yenye ukingo mpana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jua, ambalo kule huchoma ngozi hata upepo wa bahari unapokudanganya kwamba kuna ubaridi, nasi weusi pia hatukuachwa. Ya pili ni ndege mweusi na mweupe aitwaye magpie, ambaye mwezi wa Septemba na Oktoba hulinda kiota chake kwa kumshukia mpita njia kutoka nyuma. Nilipowatembelea jamaa zangu alinigonga kisogoni mara mbili katika bustani ya watoto, na shemeji yangu, badala ya kunisaidia, alicheka mpaka akakaa chini. Ukimtazama usoni mara nyingi hakushukii.

Na kama utashawishika kuingia majini, uingie kati ya bendera za rangi nyekundu na njano peke yake. Mkondo unaovuta watu kwenda ndani hauonekani kwa jicho la mtu wa ziwa.

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Nawashukuru wote. Nimeamua hivi: mapambazuko nitakuwa Sealy, mchana Sawtell kwa kadiri maji yatakavyoruhusu, jioni kisiwani, na kangaruu nitamwachia mke wangu siku ya pili. Da Neema, kofia imekwisha kununuliwa, na mke wangu anasema ninafanana na mvuvi wa Idjwi.

Limebaki swali moja kwa Mama Furaha. Kati ya Sawtell na jioni nitakuwa na saa mbili tatu za kupumzisha magoti. Je, kuna mahali pa kukaa tu na kutazama mbali, bila kupanda?

Mama Furaha (Coffs Harbour, mzaliwa wa Kadutu)

Papa Mwalimu, bakini palepale Sawtell, kwenye rasi ya Bonville, ambapo gari hufika karibu kabisa na ukingo na mwinuko unaanguka moja kwa moja baharini. Oktoba nyangumi wa nundu wanarudi kusini pamoja na watoto wao, na kwa sababu ya watoto hao wengi hupita polepole na karibu na nchi kavu. Tazama kwanza moshi wa pumzi juu ya maji, kisha mgongo. Wakati ukingoja, juu ya kichwa chako atapita tai mkubwa mwenye tumbo jeupe, ambaye ni jamaa wa yule wa La Botte, ingawa sauti yake ni ya bata mwenye mafua na haifikii hata nusu ya ile ya kwetu.

Ondokeni Sawtell saa kumi na moja. Kutoka hapo hadi bandarini ni mwendo wa robo saa hivi, nami nitakuwa nimekaa kwenye ukuta wa mawe na chupa ya chai ya tangawizi.