Mjadala: Bata wadogo wa kuchanganya mbegu, Mombasa tunawahitaji?

Mwanzisha mada, Mikindani

Assalam aleikum wafugaji wenzangu, na nyinyi majirani mnaoishi na wafugaji.

Kuna pendekezo linazunguka kwetu: tuchange pesa, tuagize kutoka nje mayai ya bata aina ya Call, tuyatotoleshe, kisha madume watakaopatikana wapandishwe kwa majike wetu wa kienyeji hadi tupate bata mdogo wa mjini. Wanaolipendekeza wanasema viwanja vimekwisha, ua wa nyumba zetu ni mwembamba, maji tunanunua kwa dumu, na bata wa kilo tatu hana tena pa kukaa Majengo; tena Waingereza walishatengeneza bata mdogo kwa njia hii wakafanikiwa. Wanaolipinga wanasema ni kuharibu mbegu na kuwatesa viumbe kwa ajili ya urembo. Naomba tulijadili waziwazi. Msimamo wangu ni huu: bata mdogo namtaka, ila mradi huu ulivyopangwa siutaki.

Huyo Call tumjue kwanza. Aliendelezwa Uholanzi na Uingereza kwa kazi ya kuita. Wawindaji walimweka kando ya bwawa, sauti yake kali ikawavuta bata pori mpaka mtegoni au mbele ya bunduki. Ni bata wa kale, maana alikuwemo tayari katika viwango vya kwanza vya ndege wa kufugwa vya Uingereza mwaka 1865, na Marekani wakamtambua mwaka 1874. Dume ana gramu 600 hivi, jike ni mdogo zaidi, kichwa cha mviringo na mdomo mfupi. Kelele zake hazikuja kwa bahati mbaya. Watu walizichagua kizazi baada ya kizazi. Sasa mlete uani Majengo, ambako ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa chumba cha jirani. Jike akianza kupiga kelele saa tisa usiku, mtaa umeamka kabla ya mwadhini. Jirani hatakuuliza bata wako ana kilo ngapi.

Tena huyu anaruka. Pekin, yule bata mweupe wa nyama wa kilo nne, hata ukimfukuza anaishia kupiga mabawa chini, lakini Call ni mwepesi, anainuka na kuondoka. Wanaopanga kumfuga juu ya paa la gorofa wajue kuwa bila kukata manyoya ya bawa moja, na kurudia kila yanapoota upya, watakwenda kumtafuta mtaa wa tatu.

Kubwa zaidi ni mayai. Call hutaga kwa msimu, na vifaranga wake wengi hufia ndani ya yai. Ule mdomo mfupi unaopendeza kwenye picha huwapa taabu kutoboa ganda. Kwa hiyo tunataka kulipia kibali cha idara ya mifugo, nauli na mashine ya kutotolesha, ili tuingize katika mbegu yetu kelele, kuruka na kufia yaini, vyote kwa sababu ya udogo peke yake.

Mnasema Waingereza walifanikiwa. Ni kweli, ila tazameni walivyofanya. Reginald Appleyard, mfugaji wa Suffolk, miaka ya 1940 alichukua jike mdogo wa Khaki Campbell akampandisha na dume mweupe wa Call, akapata bata mdogo wa rangi ya fedha. Upande wa mama aliweka Khaki Campbell, bata wa mayai anayeweza kufikisha karibu 300 kwa mwaka akitunzwa vizuri. Na huyo Khaki Campbell mwenyewe ni chotara: Adele Campbell wa kijiji cha Uley alimtengeneza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na Runner wa Mashariki ya mbali, Rouen wa Ufaransa na bata pori. Bi Campbell alitafuta mayai na nyama kwa ajili ya nyumba yake. Hakuanza kwa kuuliza bata awe na umbo gani.

Basi na sisi tuanze hapo. Tuchague katika bata wetu wenyewe wale wanaotaga sana, walio watulivu, walio wepesi, tuendelee nao hao. Udogo utakuja kiasi chake. Karibuni.

Mfugaji wa Kisauni

Kaka, nimekusoma, na la kelele nakukubalia nusu. Madume wa Call hawana kelele, sauti yao ni ya kukwaruza tu kama bata dume wengine wa aina hiyo. Mradi unataka madume. Majike watakuwa wetu.

Sasa nikwambie kwa nini nataka udogo wenyewe, si urembo. Mimi nafuga Pekin. Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na unyevu umejaa, nawakuta saa nane mchana wamelala midomo wazi, mabawa wameyatenga na mwili, wanahema. Chakula hawagusi. Mwili mkubwa wa mafuta hautoi joto haraka. Bata mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili, joto linatoka. Haya ni maumbile, na hali ya hewa ya Mombasa haitabadilika ili kumridhisha Pekin.

Na gharama! Bata wa nusu ya uzito ni nusu ya chakula. Pumba na mashudu havinunuliki siku hizi. Mimi nipo tayari kuchanga.

Bi wa Likoni

Wanangu, mimi nina bata tangu nyumba hii ilipokuwa ya makuti. Wangu ni wale wenye uso mwekundu wa vinundu, na naona wengi huku Likoni na Mtongwe wanao hao hao. Hawana kelele, jike anaatamia mwenyewe, mashine siijui. Mnaposema majike wa kienyeji mnasema hawa wangu? Maana jike mmoja wangu ukimpandisha na hicho kidume cha gramu 600, sijui kitamfikiaje.

Na kunguru je? Kifaranga wa bata wangu kunguru anamchukua mbele ya macho yangu. Juzi wawili, mmoja anamchokoza mama huku, mwingine anabeba upande wa pili. Mkiniletea bata ambaye hata akikomaa ni mdogo, mtakuwa mmewapikia kunguru.

Mwanzisha mada, Mikindani

Shikamoo Bi. Umegusa jambo ambalo wapangaji wa mradi hawakuligusa kabisa, na lingezamisha pesa zote.

Hao wenye uso mwekundu ni Muscovy, asili yao Amerika ya Kati na Kusini. Si wa ukoo mmoja na Call, Pekin, Runner wala Khaki Campbell, ambao wote wametokana na bata pori mmoja mwenye kichwa cha kijani. Muscovy akipandishwa na mmoja wa hao, kifaranga anatoka, anakua, ana nyama nzuri, lakini ni tasa. Hakuna kizazi cha pili. Na kutengeneza bata mdogo kunategemea kizazi cha pili na kuendelea: cha kwanza wote hutoka wa katikati, cha pili ndipo wanapotawanyika, wakubwa kwa wadogo, nawe ukachagua. Ukianza na jike wa Muscovy, safari inaishia mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya mtu kutoa hata shilingi, amtazame bata wake vizuri. Muscovy ana makucha makali ya kushikia tawi, jike hapigi kelele, anapuliza na kulia kidogo, na mayai yake huchukua siku 35 hivi. Wa ukoo wa bata pori mayai yao ni siku 28, jike hupiga kelele ya kukatakata, na dume mkubwa ana manyoya mawili matatu mkiani yaliyojikunja kwenda juu. Hayo manyoya ndiyo alama ya haraka. Dume wa Muscovy hana.

La kunguru nakuunga mkono kwa moyo wote. Ndege huyu wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890, akafika kwetu, na mwaka 2024 serikali ikatangaza mpango wa kuwapunguza Pwani kwa sumu. Bado wako. Bata yeyote mdogo atahitaji banda lenye wavu juu, na wavu una bei. Iingizwe kwenye hesabu.

Ndugu wa Kisauni, hoja ya joto ni nzito na sina la kuipinga. Nimewaona Pekin wakihema hivyo hivyo. Lakini ya chakula naomba tuirekebishe. Bata wa nusu ya uzito hali nusu. Kadiri mnyama anavyokuwa mdogo ndivyo kila kilo ya mwili wake inavyodai zaidi kujiendesha, hivyo wa nusu ya uzito anahitaji takriban asilimia 60 ya chakula cha yule mkubwa kwa kujikimu tu. Ukifuga wawili wadogo badala ya mmoja mkubwa, gunia linakwisha mapema zaidi. Faida ya udogo ipo pale unapohesabu mayai kwa kila kilo ya chakula, na ndiyo maana nashikilia tuchague mayai kwanza.

Na madume watulivu uliowataja watazaa majike. Binti wa Call anarithi koo la upande wa baba pia.

Mchangiaji wa Tudor

Mimi si mfugaji, ni jirani wa wafugaji, na nimeletwa hapa na neno "urembo". Nimeona watu wanauliza pia bata wa kishungi, yule mwenye kitita cha manyoya kichwani, wakitaka naye afanywe mdogo. Hilo lisiingie Mombasa. Kishungi kile kinakwenda pamoja na kasoro ya fuvu. Kiinitete kikirithi kishungi kwa baba na kwa mama kinakufa ndani ya yai, yaani ukipandisha wenye vishungi wao kwa wao, robo ya mayai umeshayaua kabla hujaanza. Walio hai wengine huyumba, wengine hushikwa na kifafa. Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumtengeneza kiumbe ukijua atateseka ni ukatili hata kama hujamshika fimbo.

Bata mdogo mwenye afya sina neno naye. Nataka tu mtu aniambie maji machafu yatakwenda wapi. Karai la bata kwa saa mbili tu ni tope.

Mfugaji wa Kisauni

La kishungi tuko pamoja, hakuna aliyelipendekeza kwenye mradi wetu na likipendekezwa nitalikataa.

Maji: bata hahitaji bwawa. Anahitaji chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote, ili asafishe macho na pua. Mimi nabadilisha karai asubuhi na jioni, tope naimwaga kwenye migomba na mchicha, na mchicha ule sijawahi kuununulia mbolea. Lakini mtaa usio na udongo, wote saruji, kweli maji yale yatakwenda kwenye mtaro wa jirani. Hapo ndugu wa Tudor ana haki, na nafikiri mtu wa namna hiyo asifuge bata wa ukubwa wowote.

Nauliza hivi: tukikataa Call, tutafika wapi na hawa wetu? Miaka mingapi?

Mwanzisha mada, Mikindani

Tom Bartlett wa Gloucestershire alianza kumpunguza Silver Appleyard mkubwa, bata mwingine wa yule yule Appleyard, miaka ya 1980, na viwango rasmi vya huyo mdogo vilitoka mwaka 1997. Huyo dume wake ana kilo 1.4 hivi, mara mbili ya Call, naye anataga vizuri. Uzito huo ndio ninaoutamani hapa: anastahimili kaskazi, kunguru hambebi akishakomaa, jike anaweza kuangua. Hatuna haja ya kushuka hadi gramu 600. Kwa hiyo ni kazi ya miaka, ndiyo, na atakayewaahidi bata tayari kwa Idi ijayo msimpe pesa.

Hofu yangu kubwa ni nyingine kabisa. Mradi ulisema utaanza na dume mmoja na majike wanne. Hesabu ya kuzaliana ndugu kwa ndugu ni rahisi: kundi la namna hiyo hupoteza karibu asilimia 16 ya utofauti wake wa kurithi kila kizazi. Vizazi vitatu vya hivyo na mayai mengi hayatatotoa, vifaranga watakuwa dhaifu, na tutasema mbegu ni mbaya kumbe ni sisi. Ukiwa na madume 10 na majike 40, hasara hiyo ni kama asilimia moja na nusu tu. Hakuna mwenye nafasi ya bata 50 mjini. Lakini nyumba kumi zipo.

Jambo jingine: bata hubeba virusi vya kideri bila yeye kuugua, akawaua kuku wa nyumba nzima. Tukibadilishana bata, mgeni akae peke yake wiki mbili tatu kwanza, na kuku wachanjwe.

Bi wa Likoni

Nimetoka uani sasa hivi kutazama mikia. Wangu wote ni Muscovy isipokuwa dume mmoja na majike wawili niliopewa na shemeji yangu wa Ukunda. Dume huyo manyoya yamejikunja kama ulivyosema. Jike mmoja ni mdogo kuliko mwenziwe na ndiye anayetaga zaidi.

Lakini hayo madume kumi nani atayafuga? Kwetu dume akinona analiwa.

Mwanzisha mada, Mikindani

Kila nyumba inabaki na dume mmoja, Bi, wanaozidi waliwe. Kila msimu dume anahamia nyumba inayofuata, majike hawahami, na kila mtu ana daftari: yai limetagwa lini, mangapi yametotoa, uzito wa kifaranga akifika miezi minne, kelele nyingi au chache. Asiyeandika atoke. Pesa zilizokuwa ziende kwenye mayai ya nje zinunue mizani na wavu wa mabanda.

Huyo jike mdogo anayetaga usimuuze, na mayai yake usiyachanganye na ya mwenziwe. Nyumba ya kwanza ni yangu, ya pili ni yako kama utakubali. Ndugu wa Kisauni, ya tatu ni yako, na ukitaka kuleta Pekin wako wawili wepesi zaidi waingie humu, nitawapokea. Zimebaki nyumba saba. Anayejiunga aandike mtaa wake, ana bata wangapi wa ukoo wa bata pori, na kama jirani zake amewauliza.