Likizo ya mlimani na familia, farasi na maua ya porini: tupeane uzoefu

Mama Kelvin
Habari za leo wapendwa. Mwezi wa pili tuliamua safari hii bahari tuiache. Mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe wa miaka 68, tukapanda Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania.

Tuliiacha lami pale Chimala tukaanza Hamsini na Saba, ile barabara ya kona 57 ya kwenda Matamba. Watoto walizihesabu kwa sauti mpaka kona ya kumi na moja, wa katikati akatapika. Bebeni mifuko, na masweta pia, maana uwanda uko mita kama 2,600 na mvua ya huko baridi yake inaingia kwenye mifupa.

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na kilichofanya palindwe ni maua hasa, si tembo wala simba. Nilikuwa nimesoma kuwa kuna okidi aina 45 zinazoota ardhini, nikategemea zulia la rangi kama kwenye picha. Kumbe nyingine hazizidi kidole! Ukipita na gari huoni kitu. Mama mkwe ndiye aliyeiona ya kwanza, ya zambarau, kooni ina madoadoa kama mayai ya kwale. Akachuchumaa pale mpaka mvua ikamtoa.

Watoto wao, dakika ishirini tu: "Mama, farasi wako wapi?" Hapo kosa ni langu, niliwaahidi bila kuuliza. Tulichokuta ni ng'ombe wa maziwa wa lile shamba la serikali. Farasi tuliwapata siku ya tatu, Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Baba watoto alipimwa, kilo 104, akaambiwa abaki apige picha. Alinuna mpaka Iringa.

Nanyi leteni yenu.

Mkinga wa Kinondoni
Mama Kelvin umenikumbusha mbali. Mimi ni wa hukohuko Makete. Hayo maua mnayoyapigia magoti, sisi tulikuwa tunayachimba. Kiazi chake ndicho chikanda. Walikuja wanunuzi, mzigo unaenda Zambia, kule wanakisaga na karanga, wanapika kinakuwa kigumu cha kukata vipande kwa kisu. Shimo moja, ua moja limekwisha. Mwaka juzi niliwapeleka wanangu, wakaniuliza kama na mimi nilichimba. Nikawaonyesha ndege tandawala aliyekuwa anapita, tukaendelea na safari.

Baba Shiru
Sisi tulienda Nanyuki, farasi wakatupandisha kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Jameni, msivae kaptula. Kijana wangu alibisha, akarudi mapaja yamechubuka na siku mbili akitembea kama bata. Viatu viwe na kisigino kidogo, mguu usije ukapenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukanaswa. Binti yangu alikuwa anavuta hatamu kwa woga, farasi naye anarusha kichwa. Saisi, yule mtunza farasi, akamwambia, "Mlegezee, yeye njia anaijua." Ikawa amani. Shida ni kwamba wa kwangu aliijua njia na kila kichaka kitamu kilichoko, akawa anasimama kula.

Dada wa Denver
Huku Colorado tunaenda Crested Butte mwezi wa saba, theluji ikishayeyuka. Mji wenyewe uko mita 2,700, na maua mengine yanakufika kiunoni, ya njano, ya buluu, mekundu. Siku ya kwanza msifanye lolote, mnywe maji tu. Sisi tulipanda farasi siku hiyohiyo tuliyofika, mdogo wangu kichwa kikampasuka, akateremshwa. Pia tokeni asubuhi, mchana radi huko hazina mzaha na mkiwa uwandani hamna pa kujificha.

Zuhura T
Shikamoo Mama Kelvin. Mama mkwe naye alipanda farasi?

Mama Kelvin
Marahaba mwanangu. Alipanda! Suruali ya Kelvin ndani, kitenge juu. Muda ulipoisha akamuuliza yule kijana kuongeza nusu saa ni shilingi ngapi. Video ninayo, amenikataza kuiweka.