Tela la hema linapiga mkia likifika 85 km/h: kosa la muundo au la upakiaji?

Dirisha_la_Turubai

Wakuu, habari zenu. Nina swali kuhusu tela la hema la kukunjua, lile ambalo paa linainuliwa kwa winchi na vitanda vinavutwa nje mbele na nyuma.

Vipimo ni hivi. Uzito pamoja na vifaa vya kawaida ni kilo 800. Ekseli moja, springi za bapa, rimu za inchi 12, breki hakuna. Kutoka tufe la kuvutia hadi katikati ya ekseli ni mita 3.2. Tangi la maji la lita 75 liko nyuma ya ekseli kwa sentimita 80. Kwenye bampa la nyuma kuna kibebeo chenye baiskeli mbili, jumla kilo 40, mita 2 kutoka ekseli.

Chini ya 75 km/h linafuata gari vizuri kabisa. Kwenye 85, hasa mteremkoni au lori linapolipita, mkia unaanza kwenda kushoto na kulia, na mguu ukitoka kwenye mafuta linatulia. Matela haya yameundwa vibaya, au ni upakiaji? Na kile kidhibiti cha msuguano cha kupunguza kuyumba, kinachofungwa pembeni mwa tufe, kitatosha?

Springi_Bapa

Mkuu, jibu limo ndani ya vipimo vyako mwenyewe. Tela la ekseli moja linataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote ikalie tufe. Tuseme kabla ya maji na baiskeli tufe lilikuwa linabeba kilo 88, yaani asilimia 11 ya 800. Hapo hakuna tatizo. Sasa jaza tangi: kilo 75 zilizo mita 0.8 nyuma ya ekseli zinalipunguzia tufe 75 × 0.8 ÷ 3.2, karibu kilo 19. Baiskeli nazo: 40 × 2 ÷ 3.2, kilo 25. Umelinyang'anya tufe kilo 44, na papo hapo uzito wa tela umepanda hadi 915. Zimebaki kilo 44 mbele, hata asilimia 5 haifiki. Tela lolote lingepiga mkia hapo, liwe la hema, la mashua au la mbuzi.

Ile 88 ni ya mfano tu, usiiamini. Pima. Huhitaji mizani ya malori, ile ya kupimia watu inatosha ukitumia ubao mnene wa mita moja. Upande mmoja wa ubao uegemee kipande cha bomba kilicholala juu ya tofali, upande wa pili ukalie mizani, umbali kati ya bomba na mahali ubao unapogusa mizani uwe sentimita 90 kamili. Soma kwanza mizani ikiwa na ubao peke yake, uandike. Kisha shusha mkono wa tela (ile ncha ya mbele inayokalia tufe) juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye bomba. Toa ile namba ya ubao, zidisha kinachobaki mara 3. Tela liwe limelala sawa, kwenye sakafu tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi, na limepakiwa vilevile kama litakavyosafiri. Kupima tela tupu ni kazi bure.

Halafu kuna mtego. Wengi wakiona mbele ni kwepesi wanarundika betri ya pili, mitungi ya gesi na jenereta kwenye sanduku la mbele, baiskeli zikabaki nyuma. Mizani itakupa asilimia 12 nzuri kabisa, na tela litaendelea kuyumba. Sababu ni kwamba ugumu wa kuzuia mzunguko unakua kwa umbali kuzidishwa kwa umbali. Kilo 40 kwenye mita 2 zina nguvu ya 160 (40 × 2 × 2) katika kuendeleza mtikisiko, lakini kilo zilezile kwenye sentimita 40 kutoka ekseli zina 6.4 tu. Vizito vyote vikae karibu na ekseli, kidogo upande wa mbele, sakafuni. Ncha zibaki nyepesi.

Kwa hiyo safiri tangi likiwa tupu. Nusu tangi nayo ni mbaya kwa namna yake kwa sababu maji yanakimbilia upande tela linakoelemea. Maji ya lazima yaingie kwenye madumu, yafungwe mbele kidogo ya ekseli.

Mwendo_Kasi

Mnamtia hesabu nyingi bure. Funga kidhibiti cha msuguano, kaza, safari njema. Na likianza kuyumba kanyaga mafuta kidogo, linanyooka.

Fundi_Chesisi

Mwendo_Kasi, hilo la kukanyaga mafuta lisiachwe hivihivi, litamuumiza mtu. Uwezo wa tela kujituliza unapungua kadiri mwendo unavyopanda. Kuna mwendo fulani ambapo kila yumbo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia, na baada ya hapo usukani hausaidii tena. Kwa tela la muuliza swali, 85 ni mlango wa mwendo huo. Ukiongeza mafuta unaweza kupata sekunde mbili za kunyooka, kisha unajikuta kwenye 95 na mteremko bado upo.

Linapoanza: mguu utoke kwenye mafuta, usukani ushikwe umenyooka bila kufukuzana na yumbo (dereva huwa anachelewa, na masahihisho yake yanalichochea), breki ya gari isikanyagwe kwa nguvu kwa sababu tela lisilo na breki litalisukuma gari kutoka nyuma likiwa limekaa mshazari. Tela lenye breki za umeme lina dawa bora zaidi: bana kwa mkono ile swichi ya kontrola (kifaa cha ndani ya gari kinachoamuru breki za tela), tela peke yake lifunge breki. Linajivuta nyuma na kunyooka.

Kidhibiti cha msuguano si kibaya. Ni chuma bapa kinachoteleza kati ya pedi mbili na kuifanya kona ya tufe iwe nzito. Lakini hakiongezi hata kilo moja juu ya tufe. Kwanza sahihisha mzigo, kisha kifunge kama akiba. Kifunguliwe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, la sivyo kinapinda au kinang'oa tufe lake dogo kinalofungiwa. Barabara ikiwa na utelezi kilegezwe, maana kinaweza kulizuia gari lisirudi kwenye mstari baada ya kona. Na tela lenye breki za kusukumwa, zile zinazofanya kazi mkono unapojibana, kwa kawaida halifungwi kifaa hicho kwa sababu kinazuia mkono usiteleze.

Kuhusu breki zenyewe: kilo 915 bila breki ni nyingi. Umoja wa Ulaya unadai breki kwa tela lolote ambalo uzito wake wa juu ulioruhusiwa unazidi kilo 750. Chungulia nyuma ya habu. Ekseli nyingi za matela haya zina kisahani chenye matundu manne, na breki za umeme za inchi 7 zinafungwa hapo kwa bolti bila kuchomelea. Utahitaji habu zenye ngoma, soketi ya pini 7, kontrola ndani ya gari, na betri yenye swichi ya kufunga breki tela likichomoka.

Springi_Bapa

Niongeze upande wa muundo, maana aliuliza na hatujamjibu. Makosa ya muundo yapo. Ekseli mara nyingi inawekwa karibu mno na katikati ya sanduku ili mtu mmoja aweze kulisukuma tela kwa mkono. Ni raha kambini, lakini tela linakuwa na akiba ndogo sana ya uzito wa mbele, na tangi likiwekwa nyuma akiba hiyo inaisha. Mkono nao unafanywa mfupi ili liingie gereji. Kadiri tufe lilivyo karibu na ekseli ndivyo tela linavyokuwa jepesi kuyumba.

Tairi za inchi 12 ni kosa jingine. Zenye kipenyo cha sentimita 53 zinazunguka mara 1,000 kwa dakika ukiwa 100 km/h, wakati tairi ya gari yenye sentimita 65 inazunguka kama mara 820. Beringi zinapata joto zaidi, grisi inachakaa mapema. Na hapa ndipo watu wanakosea sana: tairi hizi za tela zenye kuta ngumu nyingi zinataka upepo wa psi 80 au 90 zikiwa baridi, fundi anajaza 35 kama ya gari. Ukuta wa tairi unalegea, tela linaelea pembeni. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, uthibitishe pia kwamba rimu inaruhusu upepo huo.

Angalia pia kama ekseli imekaa sawa. Pima kutoka katikati ya kikombe cha tufe hadi ncha ya kushoto ya ekseli, kisha ya kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, kuna yuboti iliyolegea, bolti ya katikati ya springi imekatika, au bushi za sheko (vipande vinavyoshikilia ncha ya springi) zimeisha na matundu yamekuwa mviringo wa yai. Mwisho, urefu wa tufe: sakafu ya tela ilale sawa au pua ishuke kidogo. Pua ikiinuka, uzito unahamia nyuma na mahesabu yote ya juu yanaharibika.

Dirisha_la_Turubai

Nimewaelewa wakuu. Je, baiskeli zikihamia juu ya paa, katikati kabisa, juu ya ekseli?

Fundi_Chesisi

Kwa mbele na nyuma ni sawa, kwa juu na chini si sawa. Sifa kubwa ya matela haya ni kwamba yamelala chini, na kilo 40 juu ya paa zinaila sifa hiyo kwenye kona na kwenye upepo wa ubavuni. Isitoshe paa linainuliwa na nyaya za chuma zinazopita kwenye kapi, yaani vigurudumu vya kupitishia waya. Usizungushe winchi baiskeli zikiwa juu isipokuwa kibao cha mtengenezaji kinaruhusu uzito huo, na ukiona pembe moja inachelewa kuliko nyingine tatu, acha hapohapo: waya umelegea, umeanza kukatika nyuzi, au umetoka kwenye kapi.

Ziweke kwenye gari. Na kabla ya kuondoka kagua komeo zote nne za paa, hasa mbili za mbele, maana upepo unaingia chini ya ukingo wa mbele na kulifunua.