Maveterani tunataka kumsaidia mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, tuanzie wapi?

Beki Tatu

Wakuu, heshima zenu. Nimecheza mpira hadi ligi daraja la kwanza, sasa nina miaka 51, na tuna timu ya maveterani hapa Morogoro. Tunacheza kila Jumapili asubuhi.

Nyuma ya goli letu kuna mtoto wa miaka sita anayetuokotea mipira. Siku nyingi tulimwona akikimbia hatua chache, halafu anachuchumaa, magoti yamegusa kifua, katulia kimya. Tulidhani ni michezo yake. Jumapili moja nikampelekea maji, nikakuta midomo na kucha zake zina rangi kama ametoka kula zambarau. Wala hakuwa amekula. Mama yake akatuambia kazaliwa na tatizo la moyo, na ana barua ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Barua imekaa sandukuni tangu mwezi wa nne kwa kukosa pesa.

Tukaandaa bonanza. Kiingilio sh. 2,000, wakaja watu 730, yaani sh. 1,460,000. Jezi mpya sh. 420,000, muziki sh. 350,000, pilau ya wachezaji na wageni sh. 300,000, uwanja na waamuzi sh. 150,000. Mama wa mtoto tukamkabidhi sh. 240,000. Alipiga magoti kushukuru. Mimi nilishindwa kumtazama usoni, maana tulitangaza mtaa mzima kwamba tunacheza kwa ajili ya mwanawe.

Nimekuwa nikimfikiria sana Nwankwo Kanu, mshambuliaji wa zamani wa Nigeria. Fainali ya Kombe la FA la England ya 2008 niliiangalia kibanda umiza, Portsmouth na Cardiff. Kipa akautema mpira, Kanu akaumalizia, 1-0, kombe likaenda. Jamaa aliyekuwa karibu nami akasema, "Huyo unayemwona alipasuliwa moyo." Nataka kujua Kanu alifanyaje hadi taasisi yake ya kusaidia wagonjwa wa moyo ikadumu, na sisi tusio na majina tufanyeje.

Mzee wa Highbury

Mkuu, Kanu ilimpata yeye mwenyewe kwanza. Agosti 1996 alikuwa nahodha wa Nigeria iliyochukua dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Nusu fainali Brazil wanaongoza 3-1, Nigeria wakarudi 3-3, na bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi hapo hapo, akafunga Kanu. Akasajiliwa Inter Milan, na vipimo vya klabu ndivyo vilivyoonyesha valvu ya moyo wake, yaani mlango wa kupitisha damu, ni mbovu. Kijana wa miaka 20, bingwa wa Ulaya na Ajax ya Uholanzi mwaka mmoja nyuma, anaambiwa huenda asicheze tena. Novemba 1996 akafanyiwa upasuaji Cleveland, Marekani, na msimu uliofuata alikuwa ameshaanza kurudi uwanjani.

Kanu Heart Foundation aliianzisha mwaka 2000, yupo Arsenal, bado analipwa mshahara. Hapo ndipo wastaafu wengi tunapokosea, tunasubiri mpira uishe na pesa ziishe ndipo tukumbuke hisani. Na akabaki kwenye jambo moja tu, moyo. Amestaafu na kazi inaendelea, watoto mamia wameshapasuliwa, wengi wao nje ya nchi zao.

Mama Nasra

Kaka Beki Tatu, pole na hongera. Naandika kama mzazi. Binti yangu alipasuliwa hapo hapo Muhimbili, ana kovu kutoka chini ya koo hadi karibu na mwisho wa kifua, na sasa anaruka kamba.

Kwanza, kuchuchumaa kule si michezo. Mtoto wa aina hiyo akichoka anachuchumaa ili damu ya kutosha ifike kwenye mapafu, mwili umemfundisha wenyewe. Mwambieni mama asimkataze, na msimwache akimbilie mipira.

Pili, msione aibu na ile laki mbili na arobaini. Watu wote wanafikiria gharama ya upasuaji. Ni kubwa kweli, lakini ukifika pale kuna ofisi ya ustawi wa jamii, unaeleza hali yako, na kuna kambi za madaktari wanaotoka nje kuja kusaidiana na wetu. Zamani tulikuwa hatuna njia ila India. Mimi upasuaji haukunishinda. Kilichonishinda ni nauli na pa kulala. Tulifika mara ya kwanza, binti akakutwa na jino limeoza. Daktari akasema jino bovu linaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye moyo, litibiwe kwanza. Tukarudi nyumbani. Nauli ya pili nilikopa kwenye kikoba. Baada ya kuruhusiwa kukawa na kliniki ya wiki, ya mwezi, ya miezi mitatu, na kila safari ni watu wawili. Nimeona wenzangu wakiacha kliniki kwa sababu hiyo tu, mtoto kashapona nusu.

Hicho ndicho maveterani mnakiweza. Mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno hapo hapo Morogoro kabla ya safari. Kisha simamieni nauli, chumba na chakula cha mama kwa mwaka mzima. Kanu alibeba upasuaji kwa sababu alikuwa na jina la kuubeba. Ninyi bebeni barabara ya Morogoro–Dar.

Kipa Namba Moja

Naongezea la hesabu. Hata Drogba, yule mshambuliaji wa zamani wa Chelsea, na ukubwa wake taasisi yake ya hisani ilichunguzwa Uingereza. Mwaka 2016 wachunguzi wakasema hawakuona wizi wala rushwa, ila wahisani hawakuelezwa sawasawa pesa zinatumikaje. Kwa hiyo mweka hazina asiwe nahodha, na kila Jumapili mapato yabandikwe ukutani. Jezi na pilau kila mtu ajilipie.

Beki Tatu

Dada Mama Nasra, nimesoma jibu lako mara tatu, nikawasomea wenzangu kwa sauti. Nadhani hakuna aliyewahi kufikiria habari ya jino.

Jana tumempeleka. Ana mawili mabovu, moja limeng'olewa, la pili wiki ijayo. Hakulia, aliuliza tu kama Jumapili ataruhusiwa kukaa nyuma ya goli. Tumemwekea kiti, mipira tutaokota wenyewe. Tumekubaliana watu 26, kila mmoja sh. 5,000 kwa mwezi, bila muziki, kwa jezi za zamani. Mweka hazina ni mke wa kipa wetu, anauza duka na daftari lake halina mfutio.

Safari ni tarehe 14. Kama kuna mwenye chumba cha heshima maeneo ya Upanga au Magomeni, cha mama na mtoto, kwa wiki tatu, naomba aniambie. Kodi tunalipa sisi.